KUTAFUTA KAZI YA UTAFITI UJERUMANI

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike juu ya jambo ambalo wazazi huniuliza kila nifikapo hapa shuleni siku ya mahafali, nalo ni hili: ile miaka miwili niliyokaa Ujerumani nilikuwa nikisoma au nikifanya kazi, na nafasi ile niliipata kwa njia gani? Nimekubali kwa moyo mweupe, maana mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na tena naona kwamba kutolijua vizuri jambo hili kumekwisha kuwapotezea fedha baadhi ya watu wa Upanga na Kariakoo.

Kwanza yafaa tufahamiane juu ya jina lenyewe. Kijana akimaliza kidato cha sita huenda chuo kikuu akapata shahada ya kwanza. Akiendelea hupata ya pili, yaani uzamili. Akiendelea tena hupata ya tatu, uzamivu, ambayo humpa haki ya kuitwa Daktari ingawa huenda hajapata kumshika mgonjwa hata siku moja. (Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuacha kunidai dawa ya miguu mpaka mwisho wa uhai wake.) Mtu aliyefika hapo amejifunza kufanya utafiti chini ya msimamizi wake, lakini bado hajaonyesha kwamba aweza kuuongoza utafiti wake mwenyewe. Kati ya hatua hizo mbili pana kazi ya miaka miwili au mitatu katika maabara ya mtu mwingine, aghalabu katika nchi nyingine. Wazungu kwa mkato huiita posidoki, maana yake ni baada ya udaktari. Nendeni Gerezani mkaone: kijana aliyekwisha kuhitimu kwa fundi mmoja hukaa kwanza katika karakana nyingine, akaona mashine nyingine na mikono mingine, kabla ya kufungua kibanda chake. Ndiyo hali hiyo hiyo.

Basi jibu la swali la wazazi ni kwamba hiyo ni kazi. Haina darasa, haina mtihani, wala haina cheti cha kutundika ukutani. Kwa sababu hiyo huwezi kuipata kwa kujaza fomu ya chuo kama unavyoomba shahada, na mtu akikuambia kwamba atakuandikisha, ujue ama hajui asemalo ama anajua sana.

Nimechagua kueleza habari za Ujerumani kwa kuwa ndiko nilikokaa, na pia kwa sababu nchi ile na yetu zina mambo ya kale ya sayansi kati yao, mengine mema na mengine ya kutia uchungu. Wazee wetu waliwaita Wadachi. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, katika milima ya Usambara. Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifanya kazi yake hapa hapa Dar es Salaam juu ya malaria. Na kati ya mwaka 1909 na 1913 walichimba Tendaguru, mkoa wa Lindi, wakachukua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale kiasi cha tani zaidi ya 200. Mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Waliobeba mifupa ile vichwani mwao, kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, walikuwa watu wetu, na majina yao wengi hayakuandikwa popote. Nayataja haya kwa sababu jumba lile la Berlin ni mahali pa utafiti pia, tena huajiri wanasayansi. Mtanzania aliyesomea jiolojia aweza kabisa kuandika barua akaomba kwenda kuichunguza mifupa iliyotoka Lindi, na hapana atakayemwona kuwa ameomba kisichomhusu.

Sasa nije kwenye njia za kupata kazi. Utafiti Ujerumani haufanyiki katika vyuo vikuu peke yake. Kuna vyama vikubwa vya utafiti vyenye taasisi zao: Max Planck, ambacho huchunguza misingi ya sayansi, Helmholtz, chenye mitambo mikubwa mikubwa, Leibniz, na Fraunhofer, ambacho kazi yake hukaribia viwanda. Kuna pia taasisi zenye jina katika magonjwa ya nchi za joto, kama ile ya Bernhard Nocht iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1900. Mahali pote hapo nafasi hutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza, profesa amepata fedha za mradi, naye hutangaza kwamba anataka mtu mwenye ujuzi fulani. Matangazo hayo hutolewa bure, na mengi hukusanywa katika mtandao wa Umoja wa Ulaya uitwao EURAXESS. Anayechukuliwa huandikiwa mkataba, hulipwa mshahara kwa ngazi za serikali, mara nyingi ngazi ya 13, na hukatwa kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wazazi wasishtuke wakisikia mshahara mzima halafu wakaona kilichobaki. Makato ya Ujerumani si haba.

Njia ya pili ni kuandika mpango wako mwenyewe wa utafiti na kuomba fedha katika mfuko. Hapo mifuko miwili yafaa kujulikana. Mmoja ni wa Alexander von Humboldt, uliofufuliwa mwaka 1953 na wenye makao yake Bonn. Mfuko huu hauna mgawo kwa nchi wala kwa somo, yaani hakuna nafasi zilizowekewa Wajapani wala zilizowekewa Waafrika. Kinachotazamwa ni mtu na kazi yake. Lakini sharti lake kubwa ni hili: kabla hujaomba lazima umpate mwanasayansi aliyeko Ujerumani, akubali kwa maandishi kuwa mwenyeji wako. Mfuko wa pili ni wa Umoja wa Ulaya na una jina la Marie Skłodowska-Curie, yule mama aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili. Huo hufunguliwa mara moja kwa mwaka na kwa kawaida hufungwa mwezi wa Septemba. Mtu wa taifa lolote aweza kuomba, lakini asiwe amekwisha kukaa katika nchi aiombayo zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Ni mlango mwembamba: mwaka 2024 maombi yalizidi 10,000, na waliopata hawakufika 1,700. Kanuni zake hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo mtu asitegemee maneno ya mwaka juzi bali asome tangazo la mwaka ule ule anaoomba.

Mtaona basi kwamba njia zote mbili zinapita mahali pamoja, kwa mtu mmoja mwenye maabara ambaye hakujui, nawe umemwandikia barua. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, si kwa upungufu wa akili bali kwa namna ya kuandika. Nitakaa hapa kidogo.

Sisi tumelelewa vizuri. Mtu akija na haja yake huamkia kwanza, akauliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, ndipo aseme kilichomleta. Nami sisemi tuache. Lakini barua ya Kijerumani haina baraza. Mgeni huingia sebuleni moja kwa moja. Profesa wa Hamburg au wa Munich hupata barua nyingi sana kutoka kwa watu asiowajua, nazo huanza kwa kumsifu na kumwombea afya, kisha mwandishi hueleza kwamba yeye ni mchapakazi, ametoka katika familia ya hali ya chini, na yuko tayari kufanya utafiti wa aina yoyote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoiua barua. Aliye tayari kwa utafiti wowote hana utafiti wake. Profesa haijibu barua kama hiyo, na wala hilo si dharau, maana hana la kujibu.

Barua ifaayo ni ya ukurasa mmoja. Anayeandikiwa aitwe kwa vyeo vyake vyote viwili, Profesa Daktari, maana Wajerumani huvitunza vyote. Kisha mwandishi aseme kwa sentensi moja amepata uzamivu wake wapi na juu ya nini. Kisha ataje makala ya profesa yule aliyoyasoma kweli, na aeleze ni swali gani yaliliacha wazi. Kisha aseme ana nini mkononi cha kulijibia swali hilo: ustadi fulani, au takwimu za miaka kadhaa, au mahali anapopajua. Mwishoni aseme fedha anatumaini kuziomba wapi, na aulize kama profesa atakubali kuwa mwenyeji wake. Aambatanishe orodha ya makala yake na majina ya wasimamizi wawili au watatu watakaomshuhudia. Akikaa majuma mawili bila jibu aandike tena mara moja kwa adabu. Akinyamaziwa tena amwandikie mwingine, wala asimseme vibaya yule wa kwanza, maana maabara za somo moja hujuana kama wauzaji wa vitambaa wa mtaa wa Uhuru.

Mimi kazi yangu ni kemia ya mimea ya dawa. Barua iliyonifungulia mlango ilikuwa na sentensi zisizozidi kumi na tano. Nilitaja makala mawili ya yule bwana, nikaeleza mti mmoja wa pwani ambao niliuchambua kwa miaka minne, na kipimo kimoja cha umbo la molekuli ambacho mashine yake sikuwa nayo. Alinijibu baada ya siku tatu kwa mstari mmoja, akiuliza kama naweza kuzungumza naye Jumanne. Wengine niliowaandikia kabla yake walikuwa wengi, na wengi wao hawakujibu.

Nataka wanafunzi waone jambo lililojificha hapo. Mtu hapewi kazi kwa kuwa anaitaka Ulaya. Hupewa kwa kuwa Ulaya inahitaji anachokijua, na kitu hicho mara nyingi kiko huku. Mkoani Kagera vimekwisha kuonekana vimelea vya malaria vyenye badiliko liitwalo R561H, ambalo huvifanya vichelewe kufa kwa dawa tuzitumiazo. Kila maabara ya malaria duniani ina hamu ya kujua habari hiyo inaendaje, na anayeijua Kagera vizuri ana la kuwaambia. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Wajerumani na Watanzania walifanya kazi pamoja tangu mwaka 2010 mpaka 2018 kuchunguza mimea, wadudu na udongo kutoka savana mpaka juu kabisa. Chuo Kikuu cha Munich kimeshirikiana na watafiti wa Mbeya tangu miaka ya 1990. Taasisi ya bahari za nchi za joto iliyoko Bremen inazijua pwani za Zanzibar. Na hapa hapa Upanga, mwendo wa dakika chache kutoka getini kwetu, Profesa Julie Makani aliifanya selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za mtaani zinaujua kwa machozi, kuwa somo la utafiti linalosikilizwa ulimwenguni kote. Alisomea udaktari Muhimbili, akaenda Uingereza kuongeza ujuzi, akarudi kuanzisha kazi yake kati ya wagonjwa wa Muhimbili, na mwaka 2011 Royal Society ya London ikampa tuzo. Hakuliacha swali lake Dar es Salaam alipopanda ndege.

Ila mtu asidhani kwamba aweza kutia majani, udongo au damu ya wagonjwa mkobani akaondoka nayo. Sampuli za watu huhitaji kibali cha maadili na mapatano ya maandishi kati ya taasisi mbili, na za mimea na wanyama zina vibali vyake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka nchi yenye mali ipate sehemu yake ya faida. Vibali hivi huchukua miezi mingi, naye mwenyeji mwema huviulizia mwenyewe. Asiyeviulizia yafaa kumtilia shaka.

Sasa nizungumze na wazazi juu ya fedha. Jamaa mmoja wa Kariakoo, mwenye duka la vyombo, alinionyesha risiti ya kitu kilichoitwa ada ya kumtafutia binti yake nafasi ya utafiti Ulaya. Binti alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza! Aliyepokea fedha alikuwa na ofisi nzuri, kiyoyozi na bendera ndogo za nchi mbalimbali mezani. Nilipomweleza baba yule kwamba nafasi ya namna hiyo haipatikani mpaka mtu awe na uzamivu, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba fedha ile ilikuwa mtaji wa mwezi wa Ramadhani. Ofisi ilikuwa imekwisha kuhama. Kwa hiyo naomba litangazwe hata misikitini na makanisani: mfuko wa Humboldt hautozi ada ya maombi, wa Marie Curie hautozi, na profesa wa kweli hamwombi mtu senti moja ili amwajiri. Utakayolipa ni viza, na hiyo hulipwa ubalozini baada ya kuwa na mkataba au barua ya kupokewa mkononi. Kadhalika kuna majarida ambayo huchapisha chochote ukiyalipa. Makala yaliyochapwa humo humharibia kijana jina badala ya kumsaidia.

Lingine ambalo wazazi hawaelezwi ni kwamba kazi hii ina mwisho. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2007 juu ya mikataba ya wanasayansi. Mtu akisha kupata uzamivu aweza kuajiriwa kwa mikataba ya muda kwa miaka 6, au 9 katika utabibu. Mwenye mtoto mdogo huongezewa miaka 2 kwa kila mtoto, na mwenye kulipwa kwa fedha za mradi maalumu aweza kuzidisha. Baada ya hapo ama apate kazi ya kudumu, ambazo ni chache mno, ama atoke. Mwaka 2021 watafiti vijana wa huko huko walilalamika hadharani kwa wingi juu ya sheria hiyo. Kwa hiyo familia inayojenga nyumba Mbagala kwa kutegemea mshahara wa Munich isipange kana kwamba ni wa maisha.

Kwa maoni yangu afadhali mtu aondoke akiwa na mahali pa kurudi. Aliyeajiriwa katika chuo au taasisi ya umma aombe ruhusa kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Ruhusa ya mdomo husahauliwa mkuu akibadilishwa. Wapo waliokaa huko wakafanya kazi kubwa, nami siwalaumu hata kidogo; wapo waliorudi wakakuta maabara haina umeme wa kutosha wala kemikali, wakageuka waandishi wa ripoti. Hayo yote ni kweli. Lakini nimeona pia kwamba aliyerudi na rafiki watatu au wanne katika maabara za huko huweza kutuma sampuli zake kwa kibali, zikapimwa, na kazi ikaendelea. Urafiki huo kwangu umekuwa na faida kuliko mshahara.

Juu ya lugha nitasema machache. Maabarani Kiingereza kinatosha, na makala yote huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mwenye nyumba, karani wa serikali ya mtaa na mama wa dukani watakusemesha Kijerumani, na upweke wa majira ya baridi ni mkubwa kwa asiyeweza kutania na jirani. Goethe-Institut ipo hapa Upanga, Barabara ya Alykhan, na hufundisha lugha hiyo kwa ngazi. Mwanafunzi mwenye nafasi si vibaya akapita kuuliza.

Wanafunzi wa kidato cha tatu huenda wamekwisha kuhesabu vidole wakaona kwamba haya yako mbali nao, miaka kumi na tano au zaidi. Ni kweli. Hata hivyo yapo mambo ambayo hayangojei. Anayeacha fizikia na kemia sasa kwa sababu ni ngumu hataweza kuingia PCB wala PCM, na mlango huo ukifungwa ni shida kuufungua tena. Anayejifunza sasa kuandika aya moja ya Kiingereza isiyo na maneno ya ziada atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya barua niliyoieleza. Daftari la maabara liandikwe siku ile ile, kwa kalamu ya wino, pamoja na jaribio lililoharibika. Hapo wenzetu wa Ujerumani ni wakali kuliko mwalimu yeyote niliyemjua hapa.

Na jambo la mwisho ni la jina. Nimeona mtu mwenye uzamivu akizungushwa miezi mitatu kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne Mohammed, na pasi Muhammad. Mzazi atazame leo cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake na jina lililoandikishwa shuleni. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, aende RITA na kwa mwalimu mkuu kabla mtoto hajaandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa jina litakalochapwa kwenye cheti kile ndilo atakaloulizwa ubalozini.